Ajaili Kazini

Niliporudi kutoka Dar es Salaam kwenye mafunzo ya siku mbili, mtu wa kwanza kumwamkia hapa Sumbawanga alikuwa bibi yangu. Nilimkuta uani anapepeta maharage kwa ungo. Ungo wa kupepetea, tafadhali. Nawajua wasomaji wa Dar, mkisikia Sumbawanga na ungo kwenye sentensi moja mnaanza kukunja miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Wamekufundisha nini huko?"

"Ajaili, bibi."

Akaweka ungo chini. Akanishika bega, akanigeuza mbele na nyuma kama anayechagua mbuzi mnadani. "Ajali? Umeumia wapi?"

Nikamweleza kwamba si ajali, ni ajaili, mtindo wa kufanya kazi. Watu hawakai mwaka mzima wakitengeneza kitu kikubwa, halafu wakakuta mteja hakitaki. Wanafanya kipande kidogo, wanampelekea mteja, wanaangalia wamekosea wapi, wanarekebisha, kisha wanaanza kipande kingine. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauchukua ungo wake.

"Kwa hiyo wamekulipia basi kwenda na kurudi, ili wakwambie ukikosea urekebishe?"

Nikamwambia kuna na cheti.

Sisi tuko wanne, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo. Tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia mazao kwenye vituo vya kununulia: mkulima analeta gunia, linapimwa, karani anaingiza jina na kilo, na mkulima anapata ujumbe wa kumwonyesha mkewe. Kuna kijana wa programu, kuna dada wa hesabu, kuna dereva wa pikipiki, na mimi niliye kiongozi kwa sababu mkataba wa chumba una jina langu.

Nilichorudi nacho kichwani ni habari ya watu 17. Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, huko Utah, Marekani, mahali ambapo watu hulipa fedha ili wateleze kwenye theluji. Walichoshwa na miradi inayoanza kwa makaratasi na kuishia kwenye makaratasi. Wakaondoka na tamko fupi la ajaili, na baadaye likafuatiwa na kanuni 12. Iliyoniteka mimi ni ya mwisho: kwamba timu ikae kila baada ya muda, ijitazame, ione namna ya kufanya vizuri zaidi, kisha ibadili mwenendo wake. Nikajisemea, kama ajaili ilizaliwa kwenye baridi, basi hapa kwetu Ufipa imefika nyumbani.

Tukaanza na kikao cha kusimama. Kanuni yake ni kwamba kila asubuhi timu inasimama kwa dakika 15, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Mnasimama makusudi, ili pasiwe na mtu wa kuegemea kiti na kuhutubia. Kilichosahauliwa na waliobuni utaratibu huu ni kwamba Sumbawanga iko kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na saa mbili asubuhi ya mwezi wa Julai sakafu ya saruji inapenya soli za viatu. Kikao chetu cha kwanza kilikwisha kwa dakika nne. Nilijisifu sana, mpaka nilipogundua kuwa hakuna aliyesikia alichosema mwenzake, kwa kuwa wote walikuwa wamejifunika mitandio mpaka mdomoni.

Nikafanya maboresho: tukahamia nje, kwenye jua, ubavuni mwa nyumba. Hapo tabu ikageuka. Jua la asubuhi la Ufipa ni tamu. Mtu akishaligeuzia mgongo haondoki. Dakika 15 zikawa saa nzima. Kwanza kuna salamu, maana Mfipa hawezi kuanza kusema anakwama wapi kabla hajajua watoto wako wameamkaje. Kisha majirani wakaona watu wamesimama duara wanazungumza kwa zamu, wakadhani kuna msiba, wakaja. Siku ya tatu, mama anayeuza karanga pale kona akapokea zamu yake bila kuulizwa:

"Jana niliuza sado moja na nusu. Leo nataka nimalize mbili. Kinachonikwamisha ni mbuzi wa huyu baba hapa."

Baba mwenye mbuzi alikuwepo. Mbuzi akafungwa siku hiyo hiyo. Napenda kukiri kwamba katika mwezi ule wote, kikwazo hicho ndicho pekee kilichoondolewa na kikao chetu.

Baada ya kusimama, tukaweka ubao. Ubao una safu tatu: Ya Kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi inaandikwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinahama safu kadiri kazi inavyosogea. Vile vikaratasi vya rangi vyenye gundi mgongoni sikuvipata madukani, nikakata manila. Gundi nayo ilikuwa imeisha, dada wa hesabu akapika uji mzito wa sembe, tukabandika. Ukapendeza ubao ule, nikaupiga picha nikamtumia mkufunzi wangu Dar.

Jumatatu tulikuta kuku wa mama mwenye nyumba ameingia kupitia dirishani. Alikuwa amekula safu yote ya Inafanywa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye usawa wa shingo yake. Ya Kufanya ilikuwa juu mno, na Imekwisha haikuwa na kitu. Kijana wa programu akautazama ubao kwa muda, akasema, "Bosi, leo hatuna kazi inayoendelea." Hatujawahi kuwa na wiki nyepesi kama ile.

Hapo mtu mwenye busara angepumzika. Mimi nikaleta na Wajapani.

Mtindo huu wa kuboresha kidogo kidogo bila kukoma, Wajapani huuita kaizen, na kampuni ya Toyota imechangia sana kuutangaza duniani. Hapa kwetu haukufika jana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya, majirani zetu hapo, ilianza kuutumia kupanga stoo na wodi zake, na Wizara ya Afya ikaueneza kwenye hospitali nyingine. Mtindo huo huanzia kwenye mlolongo wa maneno matano ya Kijapani yanayoanza na S, na Watanzania waliutafsiri kwa maneno matano ya Kiswahili yanayoanza na S vilevile: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mimi huwa nawavulia kofia waliokaa wakayatafuta maneno hayo. Hiyo ya kwanza, sasambua, maana yake toa kila kisichohitajika, na kwa mtu wa hapa haihitaji semina. Jina la mji wetu wenyewe wazee hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Wafipa walikuwa na S ya kwanza zamani. Wengine wameongeza nne tu.

Basi nikasasambua. Nilianza na boksi la nyaya lililokuwa chini ya meza tangu tuhamie. Nyaya za redio, nyaya za simu zilizokufa, spika moja ya sikio. Akapita kijana anayenunua chuma chakavu, nikamuuzia boksi zima kwa shilingi elfu mbili, nikaagiza maandazi. Tukanywa chai wote wanne, tukaisifu ofisi yetu kwa weupe wake.

Jumatano yake tulikuwa na safari ya kumpelekea mteja kipande cha kwanza. Kituo kiko chini, bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze. Ukitoka Ntendo barabara inafika ukingoni mwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa, halafu inaporomoka nawe. Bonde liko kama meta 800 tu juu ya bahari, kwa hiyo unashuka kilomita nzima kwenda chini: juu umevaa koti na kofia ya sufu, katikati unafungua vifungo, chini unafika na singlendi, nguo nyingine umezifunga kiunoni kama mchezaji ngoma. Huko ni nchi ya mpunga, na Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao.

Foleni ilikuwa ndefu. Mkulima wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye fimbo na kofia pana, jina lake linaanza na Ng'. Karani akaandika N, akaandika g, akaweka ile alama ya juu, ritifaa. Programu ikazima.

Akaiwasha. Akaandika tena. Ikazima.

Kijana wetu akanivuta pembeni akaniambia kwa kunong'ona kwamba ndani ya programu alama ile ina kazi nyingine: ndiyo inayofunga jina. Ikikutana na Ng' inadhani jina limeishia hapo, na herufi zinazofuata inaziona ni amri isiyoifahamu, basi inaona heri ilale. Nikamuuliza kama hakujua kuna majina ya namna ile. Akasema alijaribu kwa jina lake mwenyewe, na lilikubali.

Mzee alitungoja kwa adabu. Halafu akamuuliza karani, "Kompyuta imesema nini?"

"Imesema haikujui, babu."

"Mimi nimekuja hapa na ng'ombe kabla yake," akasema mzee.

Tulipokuwa tunatafuta la kufanya, simu yenyewe ikatoa mlio wa kuaga na kuzima kabisa. Chaji. Karani akaisogeza pembeni, akatoa kaunta buku lake lenye jalada jekundu, akalamba kidole, akafungua ukurasa. Foleni ikaanza kutembea. Kaunta buku halijawahi kumkataa mtu.

Sasa nije kwenye kikao chenyewe, kile cha kanuni ya 12. Nilikipanga kila Ijumaa saa tisa, na nikanunua daftari kubwa la muhtasari. Maswali ni matatu: nini kimeenda vizuri, nini hakikwenda vizuri, tubadili nini. Ijumaa ile ya kwanza nikauliza swali la pili. Kimya. Sisi tumelelewa kutomwambia mtu kosa lake mbele ya watu, na kosa lako mwenyewe unalisema kwa padri. Mwisho dereva akasema kwa niaba ya wote: "Kwa ujumla tunamshukuru Mungu." Dada wa hesabu akaliandika hilo. Nikasisitiza lazima tuandike na jambo la kubadili, tukaafikiana: simu ichajiwe kabla ya safari.

Wiki ya pili tulishuka bondeni, simu ikazima saa tano. Ijumaa tukaandika: simu ichajiwe kabla ya safari. Wiki ya tatu ilizima saa nne na nusu. Tukaandika, safari hii kwa herufi kubwa. Wiki ya nne tukapigia mstari. Wiki ya tano nilileta kalamu nyekundu.

Wiki ya sita nilikumbuka kwamba Taiichi Ohno wa Toyota aliwazoesha watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano, ili wasiishie kwenye jani wakaacha mzizi. Nikawaambia leo tunachimba mpaka mwisho, bila woga wala upendeleo. Dada wa hesabu akashika kalamu.

"Kwa nini simu inazima?"

"Inatoka hapa na chaji nusu," akasema dereva.

"Kwa nini?"

"Tunachajia kwa kinyozi, na kinyozi anafungua saa mbili."

"Kwa nini tunachajia kwa kinyozi?"

"Kwa sababu chaja ya ofisi haipo. Na simu ile ni ya zamani, chaja nyingine haziingii."

"Kwa nini haipo?"

Dereva akatazama dari. Kijana wa programu akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Ilikuwa kwenye boksi," akasema hatimaye.

"Boksi gani?" nikauliza, na hapo hapo nikaonja andazi mdomoni.

Chaja tuliinywea chai. Chumba kikapata baridi ambayo hata Julai haikuwahi kukipa. "Kwa nini" ya tano haikuulizwa. Ilikaa tu hapo mezani ikinitazama. Nami nikafanya ambacho kila kiongozi hufanya anapobanwa. Nikasema, "Hoja nzuri. Iingie kwenye muhtasari."

Ikaingia. Mara ya sita. Waswahili husema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Sisi tulikuwa tumelirudia kwa kalamu ya rangi mbili.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi, maana mtu akifadhaika huenda anakoitwa mume. Nilimkuta shambani. Maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa, yamebaki matuta ya mviringo yamejipanga mpaka bondeni, yale tunayoyaita ntumba. Kwa ambaye hajayaona: mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, Mfipa analaza nyasi, anazifunika kwa udongo mpaka tuta linafika magotini, juu yake anapanda maharage. Nyasi zinaoza humo ndani. Mvua mpya zikikaribia, tuta linavunjwa na kutandazwa, na hapo hapo panapandwa ulezi au mahindi. Bibi alichomeka fimbo kwenye tuta moja akapindua, likatoka donge jeusi lenye harufu ya mvua.

"Mwezi wa pili hizi zilikuwa nyasi za kunisumbua," akasema.

Mimi, nikiwa bado na Dar kichwani, nikaruka: "Bibi! Kumbe makosa yetu ndiyo mbolea yetu!"

Akanitazama kwa huruma. "Nyasi ndiyo mbolea. Makosa ni makosa."

Tukatembea. Pembeni mwa shamba nikaona matuta matatu yaliyotengwa kwa vijiti. Nikauliza yana nini. Akasema amejaribu mbegu aliyopewa na shoga yake wa Laela.

"Mbona matatu tu?"

"Kwa sababu nina tumbo. Mbegu ikinidanganya kwenye matuta matatu nitacheka. Ikinidanganya shamba zima nitakuja kula kwako, na kwako najua hamna kitu."

Maofisa ugani wana jina la jambo hilo, shamba darasa: kikundi cha wakulima kinajaribu kwenye kipande, kinakuja kuangalia kila wiki, kinaamua. Bibi hana kikundi. Ana vijiti vitatu.

"Na mwaka jana ulikosea nini?" nikauliza, nikitafuta faraja.

"Niliwahi kupanda. Mvua ikayakuta maharage yamekomaa, yakaoza. Mwaka huu nimechelewa wiki mbili."

"Uliandika wapi hilo?"

Akasimama. "Niandike ili iweje? Si nimekwambia nimechelewa?"

Nilirudi mjini kimya. Njiani nikawakumbuka wahunzi wa zamani wa uwanda huu, ambao Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, amewaandika kwa kirefu. Walikuwa na tanuri la udongo refu kama meta tatu, ilungu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka. Basi walikipeleka kwenye tanuri dogo la mivukuto, kintengwe, wakakichoma tena, ndipo kikafaa kufuliwa jembe. Sijasoma mahali popote kwamba mhunzi alimkabidhi mteja bonge la ilungu akamwambia avumilie, ni toleo la kwanza. Aliona takataka, akawasha moto wa pili.

Jumatatu sikuitisha kikao. Nilikwenda sokoni, nikazunguka vibanda vya mafundi simu mpaka nikapata chaja inayoingia, kwa shilingi elfu saba. Ukitoa zile elfu mbili za boksi, S ya kwanza ilinigharimu elfu tano, bila kuhesabu maandazi. Halafu nikachukua kamba ya katani, nikaifunga chaja kwenye ufunguo wa pikipiki kwa fundo la kufungia ndama. Tangu siku hiyo hakuna awezaye kuwasha pikipiki bila chaja kumgonga goti. Kijana wa programu aliiona, hakusema kitu, akakaa kwenye kompyuta yake, na kabla ya saa sita akaniita aonyeshe: alikuwa ameandika majina kumi yanayoanza na Ng', yote yamekubali.

Jumatano tukashuka. Koti, vifungo, singlendi. Simu ilikuwa na chaji kamili, na kituoni kulikuwa na umeme wa sola wa kuongezea. Mzee wetu wa Kisukuma alikuwa wa nne kwenye foleni, na alituona kabla hatujamwona. Karani akaandika N, g, ritifaa. Wote wanne tukaacha kupumua. Jina likaingia mpaka herufi ya mwisho. Gunia likapandishwa kwenye mizani: kilo 86 na nusu. Karani akaingiza, akabonyeza, na kwenye simu ya mzee ujumbe ukalia.

Mzee akampa mjukuu wake amsomee. Mtoto akasoma jina, sawasawa. Akasoma mzigo: kilo 865.

Nukta ilikuwa imeanguka njiani.

Mzee akaegemea fimbo, akacheka mpaka kofia ikahama. "Siku ile haikunijua kabisa," akasema. "Leo imenijua mpaka imenipendelea."

Karani, bila haraka, akalamba kidole na kufungua kaunta buku. Kijana wetu alikuwa amekwisha kukaa juu ya gunia, kompyuta mapajani. Sisi wengine tukapanda pikipiki kurudi juu kwenye baridi, chaja ikimgonga dereva goti kila kona, na muhtasari wa Ijumaa ulikuwa na kosa ambalo halijawahi kuandikwa.

Nilipomsimulia bibi, aliuliza jambo moja tu: kama yule mzee alilipwa kilo 86 au 865.

"Themanini na sita na nusu, bibi."

"Basi hamjaumia," akasema, na kuendelea kupepeta.